Waya wa Upande wa Kulia

Jumamosi moja ya mwaka 1958, soko la Temeke lilifurika watu tangu alfajiri. Wauza mihogo walikuwa wamepanga mafungu mpaka katikati ya njia, wauza dagaa nao wakawasukuma wauza mihogo, na aliyetaka kupita ilimbidi apige kengele, apige kelele, kisha aombe radhi.

Gaudens alikuwa akipiga kengele ya baiskeli yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mwembamba, shati lake la khaki limepigwa pasi hata mistari ya mikono ikasimama, ingawa ikifika saa tatu shati hilo lingekuwa jeusi kwa grisi. Alikuwa fundi wa umeme wa magari kwenye gereji ya Mzee Thuwaini, na siku hiyo amechelewa.

Mbele yake ilikwenda pikipiki nyeusi ya Kijerumani, ya aina ambayo Temeke nzima haikuwa nayo ya pili. Aliyeiendesha alikuwa mtu mzima mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Nyuma yake ameketi upande msichana mwenye gauni la bluu la maua meupe, kikapu cha nyanya kimelala magotini. Gaudens aliona pikipiki inapunguza mwendo. Akadhani inasimama. Akakanyaga pedali apite kwa kulia.

Pikipiki nayo ikakata kulia.

Hakuna aliyeumia. Ila baiskeli ililala chini, pikipiki ikaegemea gunia la mkaa, na msichana akajikuta ameketi mchangani kati ya nyanya zake, kitambaa cha kichwa kimemshukia jicho moja.

"Wewe bwana, huna macho?" alifoka mwenye miwani. "Nimewasha indiketa!"

"Indiketa ipi, Mwalimu? Sijaona kitu."

"Hii hapa!" Yule bwana akaonyesha kitaa cha rangi ya chungwa kilichochomekwa kwenye ncha ya usukani. Akabonyeza swichi. Kitaa cha kushoto kikawaka na kuzima, kikawaka na kuzima. Akabonyeza upande wa kulia. Kimya.

Msichana aliyeketi mchangani akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kaka Polikarpo, si nilikwambia tangu Alhamisi kuwa hicho kimekufa? Ukasema mie najua sindano tu, sijui taa."

Gaudens akamnyooshea mkono kumwinua, kisha akainama kuokota nyanya. Aliokota moja moja, akizipangusa kwa shati lake safi.

"Wa wapi wewe, fundi?" aliuliza msichana, maana alikwisha kuona kisanduku cha zana.

"Iringa. Tosamaganga."

"Mhehe! Basi nimeelewa. Mababu zetu waliwapiga, na leo umekuja kulipiza kisasi kwa nyanya zangu."

"Kumbe Mngoni," Gaudens akajibu, bado ameshika nyanya moja. "Babu yangu aliniambia vita vile sisi ndio tulishinda. Alisema Wangoni walikimbia hadi wakasahau vyakula jikoni."

"Babu yako alikuwa mwongo."

"Mtani, babu yangu alikuwa katekista."

Hata mwenye miwani akashindwa kujizuia, akacheka, kisha akamwomba Gaudens radhi. Hivyo ndivyo Gaudens alivyojuana na Polikarpo, mkaguzi wa shule za misheni, na dada yake Tekla, mkunga wa zahanati iliyokuwa nyuma ya soko. Walikuwa wenyeji wa Songea, wakikaa Keko, na pikipiki ile Polikarpo alikuwa amepewa na misheni kwa ajili ya kuzungukia shule hadi Mbagala na Chanika.

"Ileteni gereji sasa hivi," Gaudens alisema. "Kabla hamjamwangusha mtu asiye mtani."

Gereji ilikuwa uwanja wa mchanga wenye paa la mabati, ubavuni mwa duka la Mzee Thuwaini. Mzee huyu Mwarabu, aliyezaliwa hapo hapo Dar es Salaam, aliuza misumari, mafuta ya taa na vipuri, naye alikaa mlangoni na kanzu yake nyeupe akiangalia kila kinachoingia. Gaudens alimwamkia, kisha akaegesha pikipiki kivulini. Tekla akaletewa kigoda, akakaa hatua mbili kutoka kwake.

Gaudens alianza na lililo rahisi. Akatoa globu ya kulia akaiweka kushoto, ikawaka. Basi globu haikuwa na kosa. Akavuta waya kutoka kwenye betri, akaugusisha kwenye kitaa cha kulia. Kikawaka, lakini kwa mwanga wa manjano, wa kinyonge.

"Unaona?" alimwambia Tekla. "Umeme unafika. Tatizo ni kurudi. Umeme ukienda sharti urudi kwenye betri, na hiki kinarudia kwenye chuma cha usukani. Sasa tazama chuma chenyewe."

Chini ya kitaa palikuwa na kutu na rangi iliyobabuka. Akapiga msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza skrubu, akabonyeza swichi. Kitaa kikawaka na kuzima vizuri, kikali kama jicho la paka.

"Ajabu!" Tekla alipiga kofi. "Mie nilidhani utaniambia tumwite mganga."

"Mganga wa Kingoni? Angezima na kile cha kushoto."

Tekla akacheka tena. Alikuwa na mwanya katikati ya meno ya juu, na alipocheka alikunja pua kidogo. Gaudens alikuwa anamaliza kazi. Waya wa kulia ulikuwa unaning'inia shingoni mwa usukani, akaona si vizuri kuuacha hivyo, akachukua kibano kidogo cha bati akaufunga kwenye chuma. Akakaza. Tekla alikuwa anasema jambo kuhusu mama mmoja aliyejifungua mapacha akawaita wote wawili jina moja. Gaudens akakaza tena, macho yake yakiwa usoni mwake.

Wiki iliyofuata, saa saba mchana, simu ililia zahanati. Ilipokewa na karani, Mwamvita.

"Kuna mgonjwa hapa gereji kwa Mzee Thuwaini," sauti ilisema.

"Anaumwa nini?"

"Hajui. Anasema Sista Tekla ndiye anayejua dawa yake."

Mwamvita akafunika simu kwa kiganja, akaita kwa sauti iliyosikika hadi wodini, "Tekla! Yule Mhehe wako!"

Tangu siku hiyo simu ya Mzee Thuwaini haikupumzika saa saba. Mzee mwenyewe alikuwa akisimama karibu akipanga upya misumari iliyokwisha kupangwa.

"Umekula?" Tekla alikuwa akiuliza.

"Nimekula. Wali na mchicha."

"Hukula mbwa leo?" Utani wa kale ulisema Wahehe hula mbwa.

"Mtani, mbwa wa Temeke wote wamekonda. Nangoja wa Songea."

"Ishia hapo! Jumapili utakuja kanisani?"

"Nitakuja. Vaa lile la maua."

"Lile lina doa la nyanya."

"Ndiyo hilo hilo."

Jumapili walitoka misa wakatembea kwa miguu kutoka Chang'ombe hadi Keko, Tekla na gauni lake na viatu vyeupe vya kamba, Gaudens na suruali ya kijivu aliyoikopea pasi kwa jirani. Walikula mihogo ya kuchoma yenye pilipili. Walisimama nje ya jumba la dansi wakisikiliza muziki bila kuingia, kwa kuwa Polikarpo alisema dada yake hataingia humo mpaka awe na mume. Miezi miwili ilipita hivyo, na Gaudens akaanza kufikiria namna ya kumtafuta mshenga.

Kisha likaja lile la Jumanne.

Polikarpo alikuwa anatoka mjini kwa barabara ya Kilwa, akienda kumchukua Tekla kazini. Alipofika njia ya kuingia Temeke alikata kulia. Lori tupu lililokuwa likirudi Rufiji lilikuwa limeanza kumpita upande huo huo. Likagonga gurudumu la nyuma, Polikarpo akarushwa kushoto, mguu ukavunjika mara mbili chini ya goti.

Dereva wa lori akaapa hakuona taa wala mkono. Polikarpo, akiwa bado kwenye machela, akasema taa aliwasha. Askari wakaichukua pikipiki, wakaisimamisha kituoni, wakabonyeza swichi. Kitaa cha kulia kikawaka na kuzima bila shida. Wakaandika: taa nzima, mwendeshaji hakuonyesha ishara. Polikarpo akashitakiwa kwa uendeshaji wa hatari. Akipatikana na hatia, leseni ingechukuliwa, na mkaguzi asiyeweza kufika shuleni misheni ingemfanyia nini?

Gaudens alizipata habari hizo Jumatano, kwa dereva wa teksi aliyeleta gari. Kwanza aliona giza. Kisha aliposikia kuwa askari wamekuta taa inawaka, akashusha pumzi, na kwa pumzi hiyo hiyo akakimbilia simu.

"Tekla, pole. Pole sana, mpenzi. Anaendeleaje?"

"Wamemfunga plasta hadi kwenye nyonga." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Gaudens, wanasema hakuwasha taa."

"Nimesikia. Lakini taa ni nzima, polisi wameijaribu. Kazi yangu haikuwa na kosa, namshukuru Mungu."

Upande wa pili kiti kilisukumwa kwa kishindo.

"Tekla?"

"Kwa hiyo kaka yangu mwongo."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Taa nzima, kazi yako nzima, basi kilichobaki kibovu ni nini? Ni ulimi wa kaka. Yeye yuko kitandani anatetemeka, wewe unamshukuru Mungu kwa ajili ya taa."

"Tekla, nisikilize..."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, Mwamvita alijibu kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo: "Sista yuko kazini, hawezi kuja." Alhamisi hivyo hivyo. Ijumaa Mzee Thuwaini alimwambia, "Mwanangu, iache simu ipoe."

Gaudens aliiacha, lakini kichwa hakikupoa. Polikarpo alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mtu ambaye, siku ile sokoni, alipoona swichi haifanyi kazi, aliomba radhi mbele ya wauza dagaa. Mtu wa hivyo akisema aliwasha, aliwasha. Na kama aliwasha na dereva hakuona, basi kitaa kile kiliwaka kituoni na hakikuwaka barabarani. Gaudens aliijua maana yake. Kumsafisha Polikarpo kulikuwa sawa na kujipaka tope yeye mwenyewe. Alikaa na wazo hilo usiku kucha, na asubuhi akapanda baiskeli akaenda Keko.

Polikarpo alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, mguu mweupe umenyooka mbele yake. Tekla alikuwa mlangoni na kanga kiunoni, akichagua mchele kwenye ungo. Aliitika salamu bila kuinua uso.

"Mwalimu," Gaudens alisema, "nieleze tena. Uliwasha, ukaona nini?"

"Nimekwisha kueleza polisi."

"Nieleze na mie. Mie siandiki."

Polikarpo alifumba macho. "Nilibonyeza. Nikakiona kikiwaka mara mbili. Kisha nikaangalia barabara."

"Mara mbili tu? Ya tatu hukuona?"

"Sikuitazamia ya tatu."

"Nataka kuikagua pikipiki."

"Polisi wameikagua wakairudisha. Iko uani, imefunikwa gunia."

"Waliikagua imesimama, Mwalimu. Wewe hukuwa umesimama."

Ungo ukaacha kutikisika. "Na ukikuta ni mkono wako?" Tekla aliuliza.

"Nitasema."

"Hapa barazani?"

"Kwa hakimu."

Tekla alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Hakutabasamu. Ila alinyanyuka, akaenda uani, akalivua gunia.

Gaudens alifanya kazi tangu saa tatu. Alibonyeza swichi, kitaa kikawaka. Akageuza usukani kushoto, kikawaka. Akaugeuza kulia, kikawaka. Alifungua kitaa, akakagua chuma alichokipiga msasa. Kiling'aa kama siku ile. Akafungua swichi, akaifuta, akaifunga. Akakagua kile kidude kinachofanya taa iwake na kuzima. Kilikuwa kikigonga tik, tik, bila kukosea. Akawasha injini ikatetemesha uwanja mzima, kuku wakakimbia, na kitaa kikaendelea kuwaka kama vile kinamcheka. Saa sita shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Pumzika," Tekla alisema. Alikuwa amemletea maji kwenye kata.

"Sipumziki. Kipo. Kimejificha tu."

"Ukikosa?"

"Nitaanza tena na globu."

Tekla alichuchumaa upande wa pili wa gurudumu. Alikuwa ametazama muda mrefu vya kutosha kujua njia ya umeme ule, kutoka kwenye betri hadi swichini, kutoka swichini hadi ncha ya usukani. Akaanza kuupapasa waya wa kulia kwa vidole viwili, polepole, macho ameyafumba, kama alivyozoea kulipapasa tumbo la mzazi kutafuta kichwa cha mtoto. Alipofika shingoni mwa usukani akasimama. Akarudi nyuma inchi moja. Akaenda mbele tena.

"Gaudens. Hapa pamelegea."

"Wapi?"

"Hapa, kwenye ukingo wa kibano. Kwingine kote waya una mfupa ndani. Hapa hauna."

Gaudens akashika. Kwa macho, raba ya waya ilikuwa nzima, haikuwa hata na mkwaruzo. Kwa vidole, kweli, ilijikunja kama kamba ya kitambaa. Akabonyeza swichi, na kitaa kikiwa kinawaka akasukuma waya kidogo tu, kama ambavyo ungesukumwa na usukani ukigeuzwa huku gurudumu likiruka shimo. Kitaa kikafa. Akauachia. Kikafufuka.

Shaba ilikuwa imekatika ndani ya raba, na zile nyuzi chache zilizobaki ziligusana pikipiki ilipotulia na kuachana ilipopigwa na barabara.

Tekla alichukua wembe kwenye kikapu cha kushonea. Gaudens akamzuia mkono.

"Usipasue. Tukipasua sasa, watasema tuliukata wenyewe. Upasuliwe huko huko mahakamani."

"Sawa." Tekla akaushusha wembe. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kibano hiki ni cha kiwandani?"

"Hapana."

"Nani alikifunga?"

"Mie. Nilikikaza mno. Kila usukani ulipogeuka, waya ulijikunja mahali pale pale, mpaka ukachoka."

Alitazama mikono yake. Tekla naye aliitazama. Kuku walikuwa wamerudi, wanadonoa mchele uliomwagika.

"Gaudens," Tekla alisema, "waya umekatika. Hilo peke yake linamtosha kaka. Hakimu akiuliza kibano, sema ulikikuta. Nani atajua? Mzee Thuwaini ataendelea kukuheshimu, wateja hawatakimbia. Hutamdhuru mtu."

Alikuwa anampa mlango, na aliufungua kwa mapenzi. Gaudens aliliona hilo. Alitamani kupita. Alivifikiria vyuma vya gereji, na jina lake ambalo lilikuwa limeanza kutajwa hata Ilala.

"Nimekwambia nitasema," alijibu hatimaye. "Nikisema nusu, nitakuwa nimekudanganya wewe kwanza."

Kesi ilisikilizwa Alhamisi. Polikarpo aliletwa na teksi, akakalishwa kwenye kiti na mguu wake juu ya kiti kingine. Hakimu alikuwa Mzungu mwembamba mwenye kujua Kiswahili vizuri na kukisema polepole. Aliposikia habari ya waya, alitoka nje na karani wake hadi pikipiki ilipokuwa, na watu wote wakatoka nyuma yake, Polikarpo akibebwa na kiti chake. Gaudens aliwasha kitaa. Akausukuma waya kwa kidole. Kitaa kikazima. Askari mwenyewe akaambiwa ajaribu, kikazima tena. Ndipo wembe ulipopitishwa kwenye raba, na nyuzi za shaba zikaonekana zimekatika, ncha zake zimegeuka kijani.

"Huu haukukatika siku ya ajali," hakimu alisema.

"Hapana, bwana hakimu. Umekatika kidogo kidogo."

"Na kibano hiki? Nani alikifunga?"

Gaudens hakumtazama Tekla. "Mie, bwana hakimu. Nilikikaza kupita kiasi."

"Wewe ni fundi. Kwa nini ulikaza hivyo?"

"Sikuwa naangalia kazi yangu."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Gaudens alikitazama kibano. Alikuwa ameapa kwa Biblia. "Nilikuwa namwangalia dada wa mshitakiwa, bwana hakimu."

Kicheko kilichopasuka uwanjani kiliwarusha njiwa kutoka juu ya paa. Askari alicheka. Dereva wa lori alicheka. Hata Polikarpo alifunika uso kwa karatasi za mashitaka, mabega yakitikisika. Tekla peke yake hakucheka. Aligeuka, akajitanda mtandio kichwani, akaondoka kwa hatua ndefu bila kungoja hukumu.

Hukumu ilimtoa Polikarpo hatiani. Hakimu alimkaripia hata hivyo. Taa ni ya kusaidia, alisema, mkono hauna waya wa kukatika, na siku nyingine aunyooshe. Leseni akabaki nayo. Kwa Gaudens alisema maneno machache makali, na Gaudens aliyapokea yote akiwa amesimama wima.

Mzee Thuwaini hakumfukuza. Alimwita dukani, akafunga mlango. "Umesema kweli, nami nakuheshimu. Lakini watu wawili wamekwisha kuja kuchukua magari yao. Kwa mwezi mmoja hutagusa waya wa mtu. Utafunga breki na kuosha injini."

"Nimekubali, mzee. Ila naomba saa za jioni."

"Za nini?"

"Nimefunga vibano vingine kwenye pikipiki tatu. Nataka kuviangalia."

Ya kwanza ilikuwa ya karani wa posta huko Tandale. Gaudens alifika kwa baiskeli, akajieleza, akatukanwa, akaruhusiwa. Kibano kilikuwa kimelegea vizuri, alikiacha. Ya pili ilikuwa ya muuza nazi wa Mbagala, na huyo Gaudens alimfuata mara tatu kabla ya kumpata. Waya wake ulikuwa umeanza kuwa laini. Gaudens alitia waya mpya alioununua mwenyewe, akauachia nafasi ya kucheza. Ya tatu ilikuwa Chanika. Alitoka Jumapili baada ya misa ya kwanza, akarudi jua linazama, mapaja yakimwaka moto.

Katika siku zote hizo hakupiga simu zahanati. Alijua alichofanya: amemtaja mkunga mbele ya umati, na sasa kila mzazi aliyeingia wodini alimtazama Tekla kisha akatazama chini akibana kicheko. Hakuwa na neno la kulifuta hilo. Alikuwa na vibano tu.

Wiki ya nne, saa saba mchana, simu ya duka ililia. Mzee Thuwaini aliipokea, akasikiliza, akaweka chombo mezani, akaenda kupanga misumari.

"Gaudens! Mgonjwa wako."

Gaudens alifuta mikono kwa tambara, ikabaki na grisi, akashika simu hivyo hivyo.

"Hallo?"

"Mke wa muuza nazi wa Mbagala amejifungua leo," sauti ya Tekla ilisema bila salamu. "Mtoto wa kiume."

"Hongera zake."

"Alipokuwa na uchungu alikuwa ananisimulia habari za fundi mmoja kichaa. Alikwenda kwao mara tatu kuomba aruhusiwe kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika."

"Kilikuwa kimeanza kuharibika."

"Hayo ndiyo aliyosema mumewe." Akashusha sauti. "Umeniaibisha, Gaudens. Mwezi mzima naitwa taa ya kulia. Mwamvita ananiita hivyo hadi mbele ya daktari."

"Najua. Nisamehe. Niliapishwa."

"Ungeweza kusema ulikuwa unaangalia ndege."

"Hakukuwa na ndege."

Akamsikia akijizuia, akashindwa. Kile kicheko alichokikosa wiki nne kikapita kwenye waya wa simu kikamwingia sikioni. Akakaa juu ya pipa la misumari.

"Tekla, nisikilize. Sina mshenga. Sina hata kazi ya maana mwezi huu, naosha injini. Lakini nataka kukuoa. Nataka kumwandikia baba yako Songea, ila sijui nianzeje barua yenyewe."

"Usiandike."

Gaudens akainuka kwenye pipa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekwisha kuandika mie. Tangu Jumanne."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kuna Mhehe mmoja hapa anayetaka kunioa na anaogopa kusema. Nimemwambia na habari ya mguu wa kaka, asije akaisikia kwa watu. Na nimemwambia kuwa mie nimemkubali."

"Kabla sijauliza?"

"Ningengoja mpaka lini, mpenzi? Wewe ulikuwa Chanika."

Nyuma ya Gaudens Mzee Thuwaini alimwaga sanduku zima la misumari sakafuni, wala hakuinama kuiokota.

Jibu la baba lilichukua wiki tano kufika. Lilikuwa fupi. Lilisema mzee hatoi binti kwa barua. Anayemtaka aje, na aje na mtu wa kumsemea. Gaudens alizunguka Temeke nzima kichwani akitafuta mtu huyo, na kabla hajapata, Polikarpo alifika gereji akiegemea fimbo, plasta imetolewa, mguu umekonda.

"Nitakupeleka mie," alisema.

"Wewe, Mwalimu?"

"Nani mwingine anayekujua vizuri kuliko mtu uliyemvunja mguu?"

Waliondoka Ijumaa, alfajiri, kwa basi la kwenda kusini. Tekla aliwasindikiza hadi stendi na gauni lake la bluu, akampa Gaudens kifurushi cha mikate ya kumimina, akamnyoosha kola ya shati, kisha akainyoosha tena ingawa ilikuwa imekwisha kunyooka.

"Nitamwambia baba kweli yote," Polikarpo alimwonya Gaudens mlangoni mwa basi. "Ya lori, ya kibano, na ya yale uliyomwambia hakimu. Na mguu nitamwonyesha."

"Mwonyeshe."

"Mzee wetu ni mkali. Huogopi?"

"Naogopa sana, shemeji."

Polikarpo alimtazama juu ya miwani yake, akalirudia neno lile polepole kama anayelionja. "Shemeji," alisema. "Haya, nishike mkono. Ngazi za basi hili ni ndefu, na mguu wangu bado unauma."

Gaudens akamshika mkono, wakapanda.